Uchovu usiokwisha: Jinsi ya kusoma majibu ya kipimo cha thairoidi

Na Mwandishi Wetu

UCHOVU wa kila siku, kuongezeka uzito, kuhisi baridi, kukosa choo na kusahau mara kwa mara ni dalili zinazowafikisha watu wengi maabara kupimwa tezi ya thairoidi. Hata hivyo, dalili hizo huweza pia kuletwa na upungufu wa damu, kisukari, sonona, kukosa usingizi au ujauzito.

Kwa sababu hiyo, majibu hayana budi kusomwa kwa uangalifu, kwani namba moja iliyozidi kidogo inaweza kumfanya mtu ameze vidonge maisha yake yote pasipo sababu.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo na yenye umbo mithili ya kipepeo, hutengeneza homoni zinazoongoza mwili katika kutumia nishati. Homoni kuu ni T4, inayoundwa kwa madini joto, ambayo ndiyo yanayotiwa kwenye chumvi. Tezi hiyo hupokea amri kupitia homoni nyingine, TSH, inayotoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

Kwa kawaida kipimo cha kwanza huwa TSH, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. TSH ikipanda, mara nyingi maana yake ni kwamba thairoidi imelegea, ndiyo maana amri inaongezwa. TSH ikishuka, mara nyingi thairoidi inazalisha homoni kupita kiasi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya takriban 0.4 na 4.0.

TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, upungufu wa homoni ni dhahiri na dawa huhitajika. Utata huja pale TSH inapozidi kidogo, kwa mfano 6, huku T4 ikiwa ya kawaida. Mara nyingi TSH ya namna hiyo hushuka yenyewe, hivyo hushauriwa kipimo kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu 737 wa Ulaya wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na hali hiyo, ulionyesha kuwa dawa ya levothairoksini haikuwapunguzia uchovu kuliko vidonge visivyo na dawa. Kwa upande mwingine, dawa hiyo ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

TSH inapofika 10 au zaidi, madaktari wengi hufikiria tiba. Wajawazito na wanawake wanaotafuta mtoto wana viwango na utaratibu wao.

Yapo pia mambo yanayopotosha majibu. Ugonjwa mkali hubadilisha TSH kwa muda, na biotini, kirutubisho kinachomezwa kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kuifanya ionekane iko chini kuliko ilivyo. Daktari aelezwe dawa zote zinazotumika kabla ya damu kuchukuliwa.

Majibu yakiwa ya kawaida, haina maana kwamba mgonjwa anajisingizia. Maana yake ni kwamba chanzo kitafutwe kwingine, kwa kuanzia na wingi wa damu, sukari, usingizi na hali ya moyoni.