Mate yakikauka miaka na miaka

Mama mmoja aliingia kliniki na chupa ya maji mkononi, na katika mazungumzo ya dakika kumi aliinyanyua mara tano. Sukari alikuwa ameshapimwa mara tatu, zote ziko sawa. Ugali haumpiti kooni mpaka ausukume kwa maji, na mkate mkavu ameshausahau. Lakini kilichomuuma kuliko chakula ni msiba wa dada yake: alilia mpaka sauti ikakauka, na chozi halikutoka hata moja. Watu wakamtazama.

Ugonjwa huu unaitwa Sjögren, kwa jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, ambaye mwaka 1933 alieleza habari za wanawake 19 wenye macho na vinywa vikavu. Kati yao, 13 walikuwa na maumivu ya viungo pia. Mpaka leo, katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi hugundulika wakiwa watu wazima wa makamo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huzigeukia tezi za mate na machozi. Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti hujazana ndani ya tezi na kuzidhoofisha kidogo kidogo.

Mgonjwa akishaelewa hayo, swali linalofuata huwa ni lile lile: nitaishi? Ataishi. Ugonjwa ukibaki kwenye tezi peke yake, umri wa kuishi haupishani sana na wa watu wengine. Mcheza tenisi Venus Williams alitangaza mwaka 2011 kwamba anao. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 37, alifika fainali ya Wimbledon.

Kuishi miaka mingi, hata hivyo, ni jambo moja, na kuishi vizuri ni jingine. Hapo ndipo sisi waganga tunapowaangusha wagonjwa hawa, kwa kuuita ukavu jambo dogo. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo huosha mabaki ya chakula, hupoza tindikali na kuyarudishia meno madini yake. Yakipungua, meno huoza mahali ambapo kwa kawaida hayaozi: kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na ufizi, na kwenye ncha za meno ya mbele. Nimewaona watu wanaopiga mswaki kila siku wakipoteza meno moja baada ya jingine, huku wakilaumiwa kwa uchafu. Fangasi nao hupata makazi, ulimi ukawa mwekundu na kuwaka kwa pilipili ndogo tu. Macho huhisi kama yana mchanga, na yasipolainishwa kioo cha jicho huweza kupata vidonda. Juu ya yote hayo kuna uchovu, ule ambao mtu huamka nao asubuhi kama hakulala.

Kwa baadhi, ugonjwa hutoka nje ya tezi. Huingia kwenye viungo, mapafu, figo, au mishipa ya fahamu ukaleta ganzi na moto miguuni.

Kinachotutisha zaidi ni limfoma, saratani ya chembe zile zile za limfosaiti. Zikichochewa miaka mingi ndani ya tezi, baadhi hupoteza breki. Katika wagonjwa 100, watano hadi kumi huipata katika maisha yao. Mara nyingi ni ya aina inayokua polepole na inayotibika, ikiwahiwa. Na dalili za nani yuko hatarini zaidi mara nyingi huonekana mapema: tezi ya shavuni iliyovimba na kukataa kushuka, vidoa vyekundu miguuni visivyopotea ukivibonyeza, na protini ya damu iitwayo C4 kuwa chini. Uvimbe wa shavu kwetu huitwa matubwitubwi, mtu akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Matubwitubwi huisha katika siku chache. Uvimbe ukikaa, lazima utafutiwe sababu, pamoja na kupima VVU na homa ya ini C, kwa kuwa navyo huweza kuvimbisha tezi hizo na kukausha kinywa.

Mwanamke mwenye ugonjwa huu anayetaka kuzaa apimwe kingamwili iitwayo Ro. Akiwa nayo, mtoto mmoja au wawili kati ya 100 huweza kupata hitilafu ya mapigo ya moyo tumboni, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na ya 24. Mkunga na daktari wakijua mapema, moyo wa mtoto utafuatiliwa.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Ila matone ya kulainisha macho, dawa ya meno yenye floraidi, daktari wa meno kila baada ya miezi michache, na feni isiyoelekezwa usoni hubadilisha sana maisha ya mtu. Angalia pia vidonge unavyomeza: dawa nyingi za mzio, na amitriptilini ambayo hutolewa sana kwa maumivu ya mishipa, hukausha kinywa kilichokwisha kukauka. Usiziache kienyeji; mwulize aliyekuandikia kama kuna nyingine.

Na kama tayari unajulikana una Sjögren, jipapase mashavu na shingo mara kwa mara. Ukikuta uvimbe mgumu, au uliokaa wiki kadhaa bila kushuka, au ukiona unakonda na kutoka jasho jingi usiku, usingoje tarehe yako ya kliniki. Nenda wiki hiyo hiyo.