Kigeu cha Mazingira na Saa ya Programu Kongwe

Programu kongwe ya kompyuta inapohamishiwa kwenye mfumo mpya wa uendeshaji, huweza kutii kila amri na bado ikatoa jibu lisilo sahihi. Hitilafu ya namna hii ni ya hatari kuliko ile ya programu kukataa kabisa kufanya kazi, kwa kuwa haijitangazi. Mara nyingi chanzo chake si programu yenyewe, bali ni mazingira ambamo inaendeshwa.

Maana ya kigeu cha mazingira

Katika hisabati, kigeu ni herufi inayosimamia thamani inayoweza kubadilika. Kigeu cha mazingira ni jina na thamani ambavyo mfumo wa uendeshaji huikabidhi programu wakati inapoanzishwa. Kigeu PATH huonyesha mahali pa kutafuta programu nyingine. Kigeu TZ huonyesha ukanda wa saa. Kila programu hupewa nakala yake. Kwa hiyo thamani ikibadilishwa baadaye katika dirisha jingine, programu iliyokwisha kuanza haipati habari hiyo.

Namna mbili za kuandika TZ

Mfumo wa Linux huhesabu muda kwa saa ya dunia, yaani UTC, kisha programu hutumia TZ kupata saa ya mahali. Afrika ya Mashariki imetangulia UTC kwa saa 3. Kwa kanuni ya POSIX ya mwaka 1988, ukanda huo huandikwa EAT-3. Alama ya kutoa huwashangaza wengi, lakini ina sababu: namba hiyo huonyesha kiasi cha kujumlisha kwenye saa ya mahali ili kupata UTC. Saa 9:00 ukijumlisha -3 ni 6:00 UTC. New York, iliyo magharibi, huandikwa EST5EDT.

Mifumo mipya hutambua pia jina la mahali, yaani Africa/Dar_es_Salaam. Programu kongwe nyingi hazilifahamu jina hilo. Hushika UTC bila ya kutoa onyo lolote.

Mfano: kipimo cha mvua

Tuseme shule moja ya Mlandege, mjini Iringa, ina kipimo cha mvua kilichounganishwa na kompyuta. Kipimo husomwa saa tatu asubuhi, yaani 9:00. Ikiwa TZ imeandikwa Africa/Dar_es_Salaam na programu haiielewi, kumbukumbu itaonyesha 6:00. Ikiwa mwendeshaji ameandika EAT+3, itaonyesha 3:00.

Kosa hili la pili lina mtego wake kwa Waswahili. Tofauti ni saa 6 kamili, sawasawa na tofauti iliyopo kati ya saa ya Kiswahili na ile ya kizungu. Mwanafunzi akiona 3:00 atasema, “Ndiyo, ni saa tatu,” naye ataridhika. Alasiri saa tisa itaandikwa 9:00, na kosa litaendelea kujificha. Lakini mvua iliyoanza saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi itaandikwa 20:00 ya siku iliyotangulia, ambayo ni ya Februari. Jumla za miezi miwili zitakuwa zimeharibika, na takwimu za shule hazitalingana na za vituo vingine.

Hatua za uchunguzi

1. Linganisha saa ya programu na saa ya ukutani, kwa mtindo wa saa 24. Ikichelewa kwa saa 3, jina halikueleweka. Ikichelewa kwa saa 6, alama imegeuzwa.

2. Soma thamani iliyopo. Katika Linux andika echo $TZ. Katika dirisha la amri la Windows andika echo %TZ%. Windows ikirudisha %TZ% yenyewe, kigeu hakijawekwa.

3. Weka thamani kwa programu hiyo peke yake. Katika Linux tanguliza TZ=EAT-3 kabla ya jina la programu. Katika Windows andika set TZ=EAT-3, kisha anzisha programu katika dirisha lilo hilo. Usiache nafasi kabla ya alama ya usawa, kwani nafasi hiyo itahesabiwa kuwa sehemu ya jina la kigeu.

4. Anzisha programu upya na urudie hatua ya kwanza.

Ikumbukwe kwamba vigeu haviponyi kila ugonjwa. Programu za DOS za biti 16 haziendeshwi moja kwa moja na Windows ya biti 64, hata mazingira yakirekebishwa. Huhitaji programu ya kuigiza DOS, kama vile DOSBox.

Zoezi

Kituo kilichotumia EAT+3 kimeandika mvua ya saa 21:30, tarehe 31 Desemba. Mvua hiyo ilinyesha lini hasa? Jumlisha saa 6: ni saa tisa na nusu usiku, tarehe 1 Januari. Mvua ya mwaka mpya ilikuwa imehesabiwa katika mwaka uliopita.