Panga Yako Hujikunja? Usilaumu Chuma, Laumu Hewa

Ushawahi nunua panga hapa Kakamega, ukakata miti mbili tatu za fensi, kucheki makali yamejikunja kama karatasi? Usianze kusema fundi alikuuzia chuma feki. Mara mingi ni springi ya lori, na kwa jua kali hutapata chuma noma kuishinda. Shida iko kwa moto.

Stori iko hivi. Fundi anapasha chuma kwa makaa mpaka iwe nyekundu, kitu digrii 800 hivi, halafu anaizamisha kwa oili chafu ya gari. Kaboni inashikwa ndani kabla itoroke, chuma inakuwa ngumu. Lakini ngumu ya kuvunjika kama glasi, so lazima irudi kwa moto mdogo, digrii 200 mpaka 300, ipunguze hasira. Fundi akiruka hapo, kipande kinaweza kuruka kikuingie jicho.

Sasa adui mwenyewe: hewa. Chuma ikiwa nyekundu, oksijeni inaivalisha magamba meusi, yale hubanduka ukigonga. Hiyo si kitu. Mbaya ni vile inakula kaboni ya juu juu, unabaki na panga ngumu katikati na laini pale kwa makali. Ndio maana kuna panga huanza kukata poa baada ya kunolewa sana: umetoa ile ngozi laini.

Viwanda zenye doh ziliamua kutoa hewa yote. Tanuru la ombwe ni kama sufuria kubwa imefungwa ngangari, pampu inafyonza hewa mpaka karibu kusibaki kitu. Ndani vipasha joto ni vya grafiti ama molibdenamu, vitu ambavyo vingeungua kukiwa na hewa. Na juu hakuna hewa ya kubeba joto, chuma inachomwa na mionzi tu, vile jua hukuchoma ukiwa Bukhungu saa nane mchana. Inapita digrii 1,000 bila wasi. Kupoza nako hakuna oili, inapigwa naitrojeni kwa presha. Inatoka iking'aa, hata huisugui.

Hiyo beseni ya plastiki unaogea ilitoka kwa moldi ya chuma, na moldi ikipinda hata kidogo, doh imeenda. Watu wa moldi ndio hupenda hizi tanuru. Pia bledi za injini za ndege na nyonga bandia za hospitali hupitia huko.

Na mtu asikuambie chuma ni akili ya Wazungu. Mababu wa Wahaya, kule Kagera, Tanzania, walikuwa wanatoa chuma yenye kaboni kwa tanuru za udongo zaidi ya miaka 1,500 imepita.

Ka uko Sigalagala unasomea ufundi, ama uko na kibanda Lurambi, pampu na naitrojeni si bei yako leo. Lakini unaeza zuia hewa kimtaa: weka kifaa ndani ya boksi ya chuma, jaza unga wa makaa, ziba na udongo. Makaa inakula oksijeni kabla ifike kwa chuma.

Na ka unapasha kwa moto wazi, wacha kubahatisha rangi. Funga sumaku ya spika kuukuu kwa waya, gusa chuma haraka. Kwa digrii 770 hivi sumaku inakataa kunata. Ongeza moto kidogo tu, zamisha.