Foklifti ya dizeli ghalani: inalipa lini?

Vijana wa kikundi kimoja hapa Sola wameniuliza: wakipata foklifti iliyotumika, wachukue ya dizeli au ya betri? Wana ghala, wanakusanya pamba, dengu na choroko, na msimu ukichanganya magari yanapanga foleni huku makuli wameshachoka.

Ya dizeli haingoji umeme. Tangi likiisha unajaza dakika chache, kazi inaendelea. Betri za asidi huchukua kama saa 8 kujaa, na umeme ukikatika usiku, asubuhi mashine imelala. Halafu fundi wa trekta haipati shida sana injini ya dizeli. Ikiwa na matairi ya upepo itatembea hata nje kwenye changarawe. Ila siyo trekta hiyo! Inayobeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4, kwa hiyo kwenye udongo wetu wa mbuga, mvua ikinyesha, mtaisukuma nyie.

Sasa hesabu. Gari la tani 30 ni magunia 300 ya kilo 100. Ukipanga magunia 12 kwenye paleti, ni safari 25. Kwa dakika 4 kila safari, saa moja na dakika 40 hivi umemaliza, na dizeli ni kama lita 3 kwa saa. Rahisi, eti? Lakini magunia yawe tayari juu ya paleti, na yawe na ujazo unaofanana. Lumbesa haikai kwenye paleti, inaporomoka. Na kama gari linapakiwa bila paleti, makuli bado mnawahitaji kule juu kupanga.

Kinachonitia hofu zaidi ni moshi. Ghala zetu nyingi zina mlango mmoja na vidirisha vidogo. Injini ikinguruma humo ndani siku nzima, watu wanavuta masizi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Ya petroli ndiyo mbaya zaidi kwa gesi hiyo. Na penye pamba, nyuzi zikigusa ekzosi ya moto, msimu wote unateketea. Kwa hiyo ya dizeli ifanye kazi uwanjani na mlangoni. Ndani tumieni toroli la mkono la kunyanyulia paleti, linalohitaji sakafu ya saruji tu.

Kama ghala lina kazi miezi miwili kwa mwaka, mimi ningekodi, au ningeungana na AMCOS jirani. Mkinunua, dereva apate mafunzo, na mashine ikaguliwe na OSHA.

Kabla ya kulipa, inyanyueni na mzigo halisi, izimeni, msubiri dakika 10 bila mtu kusimama chini yake. Uma ukishuka wenyewe, au mafuta ya haidroliki yakidondoka, rudini nyumbani na hela zenu.