Mafundi Watatu, Bei Tatu, Paa Moja

Mama mwenzangu, kama unaishi katika nyumba ya bati unaijua sauti ile ya matone yanayoangukia beseni usiku. Kwetu Biharamulo tuliisikia masika mawili mfululizo. Masika ya kwanza tulisogeza kitanda cha watoto. Ya pili hapakuwa tena na mahali pa kukisogeza. Godoro likalowa, na mdogo wetu akaanza kukohoa. Mimi ni muuguzi. Nimewaambia akina mama wengi kliniki kwamba mtoto asilale penye unyevunyevu, kisha narudi nyumbani nakuta wa kwangu analala chini ya turubai lililofungwa kwa kamba darini. Niliona aibu.

Waliokuwepo Ngara mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu na kuijaza Benako, wanakumbuka jinsi vilima vilivyofunikwa kwa maturubai. Turubai huokoa maisha, lakini jua na upepo hulichanachana. Si paa.

Tulikuwa na akiba ya laki nane. Ndani ya fedha hiyo hiyo kulikuwa na mahitaji ya bweni ya binti yetu aliyekuwa anakwenda kidato cha tano. Kwa hiyo kila shilingi iliyopanda juu ya paa ilikuwa imetoka kwenye sanduku lake la shule.

Baba watoto alikuwa na neno moja tu: "Kazi hii tumpe ndugu yetu wa kwaya, yeye ni fundi." Kumbe alikuwa amekwisha kumdokezea baada ya ibada. Nilinyamaza kwa siku mbili. Siku ya tatu nikamwomba kwamba huyo ndugu aje, lakini waje na wengine wawili, tusikie.

Fundi wa kwanza hakupanda juu. Alisimama uani, akatazama, akasema, "Sista, hii ni kazi ya siku moja. Laki mbili na elfu ishirini, namaliza kila kitu." Ndugu yetu wa kwaya alipanda ngazi nusu, akatikisa kichwa, akataja 1,150,000. Wa tatu, kijana mmoja ambaye hatukumfahamu, aliomba ngazi, akaingia darini na tochi, akakaa huko karibu nusu saa. Alishuka na vumbi kichwani akasema 540,000.

Usiku ule tuligombana kidogo, nisikufiche. Mzee aliona ndugu yetu anatuuzia ubora. Mimi nilimwona wa kwanza kama jibu la maombi, maana bei yake ingemwacha binti salama. Sote wawili tulikuwa tunalinganisha vitu visivyolingana. Nilikuja kuelewa kesho yake nilipomrudia kila mmoja na swali moja: "Fundi, katika bei yako kuna nini?"

Wa kwanza alikuwa na lami ya kuziba matundu na misumari mipya. Hakuna bati hata moja. Ndugu yetu alitaka kuezua upande wote wa nyumba na kuweka bati geji 28. Kijana alikuwa na mabati kumi na mawili ya geji 30 na mbao, lakini alisahau kofia, nauli ya kuleta vifaa na ujira wa saidia fundi. Hizo zilikuwa kazi tatu tofauti, na sisi tulikuwa tunabishana nani rahisi na nani ghali!

Hapo ndipo nilipochukua daftari. Mwanamke hahitaji kupanda juu ya nyumba ili ajue paa lake. Mchana wa jua kali nilifunga madirisha ya chumba cha watoto, nikaondoa ubao mmoja wa dari, nikatazama juu gizani. Kila tundu lilionekana kama nyota. Nikagundua jambo ambalo ningependa kila msomaji alijue: doa la maji kwenye dari si lazima liwe chini ya tundu. Maji huingia mahali pamoja, hutembea juu ya mbao, kisha hudondoka mbali. Aliyeziba juu ya doa huenda ameziba mahali pazima. Mengi ya matundu yetu yalikuwa kwenye misumari iliyopigwa bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita, badala ya kupigwa juu ya mgongo. Mengine yalikuwa chini ya kofia, pale paa mbili zinapokutana.

Nje nilihesabu mabati kutoka ardhini, moja moja, nikaweka alama kwenye yale yenye kutu iliyokula. Yalikuwa kumi na mawili, kama kijana alivyosema. Nikaandika ukurasa mmoja: mabati 12 ya futi kumi, geji 30, kofia 3, mbao za mbili kwa mbili pisi 8 zilizotiwa dawa ya mchwa, misumari ya bati kilo 4 yenye mipira yake, kufunga kenchi ukutani kwa waya, nauli, ufundi pamoja na saidia fundi. Nikaunakili mara tatu, kila fundi nikampa wake, nikamwomba aandike bei mbele ya kila kitu na jumla chini.

Kuhusu geji niseme neno, maana huwachanganya wengi: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni jembamba zaidi. Fundi anayekutajia bei ya bati bila kutaja geji bado hajakutajia bei. Na ukifika dukani soma chapa iliyopigwa kwenye bati lenyewe pamoja na alama ya TBS, usisome midomo ya muuzaji.

Karatasi ziliporudi, wa kwanza alikuwa 735,000. Ndugu yetu 760,000. Kijana 690,000. Tofauti ya zaidi ya laki tisa ilikuwa imebaki elfu sabini. (Bei hizi ni za wiki ile na za huku kwetu; usimpelekee fundi wako kama kipimo.) Nauli ndiyo iliyotushangaza. Baadhi ya jirani huagiza mabati Kahama kwa sababu bei ya huko ni nafuu, lakini yakishapita Nyakanazi na kufika mlangoni, kwa mabati kumi na mawili tu unafuu wote ulikuwa umeliwa na gari. Tulinunua hapa hapa mjini, sisi wenyewe, na risiti tukazitunza.

Sasa kama tofauti ni elfu sabini, unachagua kwa lipi? Nilimwuliza kila mmoja maswali mawili. Ukikuta mbao nyingine imeoza, itakuwaje? Na malipo unayatakaje? Wa kwanza alisema tutaonana hapo hapo. Ndugu yetu alitaka ujira wake wote, laki mbili na elfu thelathini, siku ya kuanza. Kijana alitaja bei ya kila mbao itakayoongezeka, na ujira wa 160,000 akakubali kuugawa: elfu sitini kuanza, elfu hamsini kumaliza, elfu hamsini baada ya mvua kubwa ya kwanza. Akatupeleka pia kwenye nyumba mbili alizopaua, tukaongea na wenyewe.

Jambo hili la malipo sikulitoa hewani. Mama mmoja mjane, upande wa Rulenge, ambaye umoja wetu wa akina mama ulimchangia mabati, alimlipa fundi ujira wote asubuhi ya kwanza kwa sababu ya huruma. Alisema mkewe anaumwa. Fundi aliezua paa, akafanya kazi siku moja na nusu, hakuonekana tena. Mama yule alilala kwa jirani wiki tatu na watoto wanne. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na shahidi. Sisi tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ukurasa mmoja tu, na kijana hakuona kwamba ametukanwa.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko paa: kumwambia ndugu yetu. Mzee alitaka tunyamaze, ajionee mwenyewe. Nikakataa. Jumamosi jioni tulikwenda wote wawili kwake na karatasi zote tatu.

"Kwa hiyo mama, hamniamini?" aliuliza.

"Tunakuamini, ndugu yetu," baba watoto akamjibu, na nilimshukuru Mungu kwamba ni yeye aliyejibu. "Lakini fedha hii ni ya mtoto, na hatuwezi kuilipa yote kabla ya kazi."

Hakutukaribisha chai. Jumapili mbili alipita pembeni yetu. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, na sidhani kwamba mtu yule alihesabu kwa kukosa imani. Hata hivyo Jumapili zile mbili ziliniuma, nami sikuimba vizuri. Ya tatu alinisalimia kama zamani, akaulizia paa.

Kazi ilichukua siku tatu. Mguu mmoja wa kenchi ulikutwa umeliwa na mchwa, zikaongezeka mbao mbili kwa bei tuliyoandika. Na hapa nivae sare yangu kidogo. Siku ya kuezua, watoto wasikae uani. Misumari ya zamani hutawanyika, na mtoto akikanyaga mmoja, jeraha dogo lenye kina linaweza kuleta pepopunda. Osha kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kituo cha afya siku ile ile na kadi yake ya chanjo, usingoje livimbe. Mimi nilifunga kamba kwenye sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaiburuta uani kila jioni. Siku ya kwanza tu ilijaa kikombe kizima. Na fundi asipande bati likiwa na umande. Wodini tumewapokea walioteleza.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Oktoba, usiku, pamoja na upepo. Tuliamka, tukawasha taa, tukatazama dari ya chumba cha watoto. Pakavu. Lakini kwenye korido, tone moja. Asubuhi nikampigia kijana simu. Alifika saa nne na baiskeli yake, akapanda, akakuta msumari mmoja wa kofia haukushika mbao. Akaung'oa, akapiga mwingine, akamwaga ndoo mbili za maji juu yake huku mimi nimesimama koridoni natazama.

"Mama, vipi huko?"

"Pakavu, fundi. Shuka uchukue elfu hamsini yako."