Mama Aliyeficha Taipu Chini ya Nguo za Pasi

Wengi wetu tunazijua kazi zinazosubiri mpaka watoto walale. Mwezi huu tunawaletea habari za mama mmoja wa Marekani aliyeandika historia kwa namna hiyo.

Juanita Brooks alizaliwa mwaka 1898 katika kijiji cha Bunkerville, jimbo la Nevada. Wazazi wake walikuwa Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Aliolewa mwaka 1919, lakini kabla ya miaka miwili kutimia mumewe alifariki kwa saratani, akamwachia mtoto mchanga. Juanita alifundisha shule, akajiendeleza kwa masomo hadi Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1933 aliolewa na Will Brooks, mgane mwenye wana wanne, wakajaliwa wengine wanne. Watoto tisa!

Kabla hajaolewa, mzee mmoja, Nephi Johnson, alimwomba aje amwandikie jambo fulani. Mwalimu huyo kijana aliahirisha. Alipokwenda, mzee alikuwa mahututi, akipiga kelele juu ya damu, na siri yake akafa nayo.

Baadaye Juanita alielewa. Mwezi Septemba 1857, mahali paitwapo Mountain Meadows, jimboni Utah, wasafiri wapatao 120 waliuawa wakiwa njiani kwenda California. Waliahidiwa usalama, wakaweka silaha chini, kisha wakauawa. Watoto wadogo 17 tu ndio walioachwa hai. Kwa miaka mingi lawama ziliwekwa juu ya wenyeji wa asili, na juu ya John D. Lee, mtu pekee aliyehukumiwa na kuuawa, mwaka 1877.

Juanita aliamua kuutafuta ukweli, ingawa babu yake mwenyewe, Dudley Leavitt, alihusishwa na tukio hilo. Aliandika usiku. Akiandika mchana, aliweka nguo za kupiga pasi karibu. Jirani akibisha hodi, huifunika taipu kwa nguo na kushika pasi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1950. Kilionyesha kwamba wanamgambo wa Kimormoni, wakiongozwa na viongozi wa mahali pale, ndio waliopanga mauaji, na kwamba Lee alibebeshwa mzigo wa wengi.

Waumini wengine hawakufurahi. Hata hivyo hakufukuzwa kanisani, wala yeye hakulihama. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba mchunga ng'ombe akiingia katikati ya kundi hupotea. Anayepanda farasi pembeni na kupaza sauti ndiye husaidia kuliongoza. Juanita alikaa pembeni, akapaza sauti.

Alifariki mwaka 1989. Tarehe 11 Septemba 2007, miaka 150 baada ya mauaji, kiongozi wa kanisa lake alisimama Mountain Meadows akaeleza majuto makubwa mbele ya wazao wa waliouawa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Je, dada, katika ukoo wako yupo mzee anayetaka kukueleza jambo, nawe kila siku unamwambia kesho? Pasi inaweza kungoja. Mzee hawezi.