Ploti ya Kando ya Ziwa: Kagua Maji Kabla ya Kulipa

Wakazi wengi wa Kaunti ya Homa Bay wangependa kuwa na nyumba inayotazama ziwa, yenye mahali pa kufunga boti. Wako wavuvi wanaotaka kulala karibu na vyombo vyao, wako wastaafu wanaorudi nyumbani, na wako wanaofanya kazi mijini ambao wametumiwa picha na dalali kupitia simu. Ploti inayogusa maji huuzwa ghali kuliko iliyo juu barabarani, na mara nyingi mnunuzi huambiwa alipe haraka kabla mwingine hajaichukua.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo kila anayetaka kununua au kujenga ufuoni anapaswa kuyakagua kwanza. Kubwa kuliko yote ni hili: usinunue kwa kuangalia maji yalipo leo. Angalia mahali pa juu kabisa ambapo yamewahi kufika.

Ziwa husogea

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita mraba 68,800, na sehemu iliyo Kenya ni kama asilimia 6 tu. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja tu, Mto Naili, kule Jinja nchini Uganda. Kwa hivyo mvua ikizidi kwa misimu miwili mfululizo, maji hupanda kwa haraka kuliko yanavyotoka.

Wazee wanakumbuka mvua kubwa za mwaka wa 1961. Baada yake ziwa liliendelea kupanda, na mwaka wa 1964 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.41. Maji yaliposhuka watu walijenga na kulima chini ya alama hiyo, wakidhani haitafikiwa tena. Kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 1, na kipimo kikafika mita 13.42. Nyumba, vyoo, mashamba, hoteli na gati katika kaunti zote tano za ziwani, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, vilifikiwa na maji. Mwaka wa 2024 maji yalipanda tena na kuwahamisha watu.

Ukilinganisha mwaka wa 2006, ziwa liliposhuka sana, na mwaka wa 2020, tofauti ni zaidi ya mita 2. Mita 2 inaweza kuonekana kidogo, lakini inategemea mteremko wa ardhi. Kwenye ufuo wenye mwinuko mkali, kama sehemu nyingi za miamba za Rusinga na Mfangano, maji yakipanda mita 2 husogea hatua chache tu kuelekea nchi kavu. Kwenye ufuo tambarare ambapo ardhi huinuka mita 1 kwa kila mita 50, maji hayohayo huingia mita 100 ndani. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama mita 15 kwa 30, humezwa yote.

Ukitembelea ploti, tafuta dalili za maji ya zamani. Miti iliyokauka ikiwa imesimama majini inaonyesha kwamba hapo palikuwa nchi kavu. Mstari wa matope kwenye kuta za jirani, maganda ya konokono yaliyotawanyika juu ya ufuo, na mafunjo yanayoota mbali na maji ni dalili nyingine. Chimba shimo la kimo cha mtu. Likianza kujaa maji, msingi wa nyumba na shimo la choo vitakuwa na shida hiyohiyo. Kisha uliza akina mama wanaouza samaki na wazee wa hapo maji yalifika wapi mwaka wa 2020. Uliza watu watatu tofauti, na usimtegemee dalali peke yake.

Sehemu ambayo hakuna anayeweza kukuuzia

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaweka mito na maziwa katika ardhi ya umma, inayoshikiliwa na Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hakuna mtu binafsi anayeweza kukuuzia maji wala sakafu ya ziwa. Mtu akikuambia kwamba ploti yake “inaendelea hadi pale kwenye mafunjo, maji yakishuka utaongeza”, fahamu kwamba anakuuzia kisicho chake.

Juu ya maji kuna ukanda wa kinga ambao hauruhusiwi kujengwa, hata kama uko ndani ya hatimiliki yako. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 ziliweka kwamba ukanda wa ziwa hupimwa kuanzia alama ya juu kabisa ya maji iliyowahi kurekodiwa. Kipimo chake ni mita 2 za kimo au mita 30 za umbali, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Zingatia maneno “iliyowahi kurekodiwa”. Fundi anayeanza kupima kutoka pale mawimbi yanapogusa siku ya kiangazi anakupotosha. Kabla ya kuchora ramani ya nyumba, nenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) uonyeshwe mahali ukanda unapoishia kwenye ploti yako.

Ukanda huu unakulinda wewe pia. Mafunjo na miti ya ukingoni hupunguza nguvu ya mawimbi, hushika udongo na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Anayefyeka mafunjo ili apate mandhari nzuri hujikuta misimu michache baadaye akijaza magunia ya mchanga kuzuia mmomonyoko.

Boti itapitia wapi?

Ploti inayogusa maji si lazima iwe na njia ya boti. Kwanza angalia kina. Ghuba ya Winam ina kina kifupi, hasa karibu na ufuo, na boti yenye injini inahitaji maji ya kutosha chini ya rafadha. Ziwa kwa kawaida hupanda baada ya mvua za masika na kushuka kiangazi. Enda wakati wa kiangazi na mtu wa mtumbwi, pima kwa mti kuanzia ufuoni hadi kwenye maji makuu.

Pili, gugumaji. Mmea huu umekuwa katika ziwa letu tangu karibu mwaka wa 1990, na upepo ndio unaoupeleka. Ghuba ndogo iliyofungwa pande tatu hupendeza kwa utulivu wake, lakini ndiyo inayonasa gugumaji kwa majuma mengi, boti zikabaki zimefungwa. Ufuo ulio wazi hupata gugumaji kwa muda mfupi zaidi, ila hupigwa na mawimbi. Uliza wavuvi ni miezi gani hawawezi kutoka.

Tatu, mikondo na mifereji. Mfereji uliokatwa katikati ya mafunjo huziba usiposafishwa mara kwa mara, na kuukata bila kibali ni kosa. Mlango wa maji wa Mbita unatufundisha jambo. Katika miaka ya 1980 mlango huo kati ya Rusinga na bara ulifungwa kwa tuta la barabara. Watu walivuka kwa gari, lakini maji yalizuiwa na boti zililazimika kuzunguka kisiwa, hadi daraja lilipojengwa baadaye na njia ikafunguka. Kabla ya kununua nyumba kwa sababu ya mkondo fulani, hakikisha mkondo huo uko wazi mwaka mzima.

Mara nyingi njia bora ni kutumia ufuo wa pamoja wa kuegesha vyombo, ambao husimamiwa na Kikundi cha Usimamizi wa Ufuo (BMU). Nyumba iliyo mita 300 juu ya ufuo wa BMU ina njia ya boti ya uhakika kuliko ploti iliyo majini lakini imezingirwa na kinamasi. Na ukinunua ploti ambayo wavuvi au akina mama wanaoteka maji wamekuwa wakiipita, usizibe njia hiyo kwa ua. Ugomvi wa njia ya ziwani huchukua miaka.

Boti yenyewe inahitaji kukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Majini (KMA), na kila anayepanda avae jaketi la kuokoa maisha. Anayehamia kisiwani ajiulize pia: mtoto akiugua saa nane usiku na upepo unavuma, nitavukaje?

Afya na wanyama

Maji tulivu yenye majani ndiko wanakoishi konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu, na anayeingia majini kila siku kusukuma boti yuko hatarini. Vaa buti za mpira, usiwaruhusu watoto kuoga ufuoni, na hifadhi maji ya kuoga kwa siku mbili kabla ya kuyatumia. Ugonjwa huu una dawa; nenda kituo cha afya upimwe.

Choo kikifurika, uchafu huingia kwenye maji ambayo majirani wanakunywa, na kipindupindu hufuata. Kijengwe mbali na maji, kiinuliwe juu ya ardhi, na shimo lizibwe kando zote. Afisa wa afya ya umma wa wadi atakushauri mahali pafaapo.

Viboko hutoka majini usiku kula majani na hupita njia zilezile. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda juu, usijenge hapo. Mamba nao hupenda maji yenye mafunjo. Visa vyote viripotiwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Makaratasi

Ardhi nyingi ya ufuoni ni ya ukoo, na hatimiliki bado imeandikwa jina la babu aliyefariki. Katika hali hiyo hakuna mjukuu anayeweza kukuuzia kabla mirathi haijakamilika mahakamani. Kama ardhi ni ya kilimo, pata idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila idhini hiyo ununuzi unaweza kubatilishwa. Kama kuna boma la ndoa hapo, mume na mke wote wakubali kwa maandishi. Asiye raia wa Kenya anaweza kukodishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, wala hawezi kuimiliki moja kwa moja.

Kujenga nyumba kunahitaji ruhusa ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Gati, ukuta wa kuzuia maji au kujaza udongo ufuoni kunahitaji pia kibali cha NEMA. Usianze kazi ukitarajia kwamba karatasi zitafuata.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha umefanya haya:

1. Umefanya upekuzi rasmi wa hatimiliki katika afisi ya ardhi.
2. Mpimaji aliyesajiliwa amekuonyesha mipaka, na mingine haiko majini.
3. Umeonyeshwa alama ya maji ya juu na ukanda wa kinga.
4. Umetembelea ploti wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.
5. Umezungumza na BMU, naibu wa chifu na majirani wa pande zote.
6. Umeona mahali choo kitakapokaa na mahali boti itakapopita.

Muuzaji wa kweli hatakasirika ukiomba muda wa kufanya haya. Anayekataa kukusubiri amekupa jibu tayari. Kwa ushauri kuhusu ruhusa ya ujenzi, fika katika idara ya ardhi na mipango ya kaunti ukiwa na nakala ya hatimiliki na ramani ya ploti, kabla hujatoa hata arubuni.